Picha Ijibu Swali
(Hotuba ya Kamati ya Afya kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka jana, katika mkutano kama huu, tulisimama tukapiga makofi tulipoamua kuchangia mashine ya CT kwa ajili ya majeruhi wa ajali kule nyumbani. Sisi wa Kamati ya Afya tulipiga makofi pia, tena kwa nguvu. Leo tumekuja kuwaomba mbadilishe uamuzi huo. Tunajua tunachoomba. Wapo waliokwisha kutoa fedha zao, na wapo mama zetu huko milimani waliouza tangawizi ili majina yao yaingie kwenye daftari. Hatuwezi kuwageuzia maneno bila kuwaeleza, kwa hiyo tuvumilieni kidogo.

Sisi Wapare tumetaniwa miaka mingi kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya mbuzi. Utani huo leo tunauchukua ulivyo. Mtu aliyezoea kesi anajua kwamba mahakamani hakuna anayeshinda kwa kusema tu "mimi ninavyoona". Anaulizwa ushahidi. Basi mwaka mzima tumeishitaki hiyo mashine: je, ndiyo itakayookoa watu wetu wanaoanguka na bodaboda? Tumezungumza na madaktari wa ajali, na wataalamu wa mionzi, na watoto wetu waliosomea udaktari walio humu ukumbini, tukasoma na walichotuelekeza kusoma.

Tuanze na kijana wetu. Ndugu zake wamo humu ndani, na ndio waliotuambia tumsimulie bila jina. Hospitali alizopita nazo hatutazitaja, kwa kuwa hatukuja kumshitaki mtu. Alianguka na pikipiki kwenye kona ya mteremko, saa mbili usiku, mvua ikinyesha. Alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, damu imemjaa usoni. Alikuwa anaongea, anajua jina lake na siku ya wiki. Alilalamika pia kwamba ubavu wa kushoto unamuuma hata kupumua kunamshinda. Lakini sisi sote tuliokusanyika tuliona damu ya usoni, tukasema "kichwa, kichwa". Kikundi cha WhatsApp kikaanza kuchangisha fedha za CT. Alipofikishwa kwa mara ya kwanza alipigwa eksirei ya fuvu, ikaonekana safi. Tukasema haitoshi, akapelekwa mbele zaidi, kwenye mashine. Akasubiri foleni. CT ya kichwa ikatoka, nayo safi. Tulishangilia kwenye simu. Kulipopambazuka alikuwa amefariki kwa damu iliyovujia tumboni, kutoka kwenye bandama.

Ndugu Mwenyekiti, kijana yule alipigwa picha mbili, na zote mbili zilisema kweli. Kichwa chake hakikuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu tumbo. Na mashine ambayo ingejibu swali la tumbo kwa dakika chache, yaani altrasaundi ya kawaida kama ile wanayopimwa wajawazito, haikuguswa usiku ule.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Sisi tulidhani picha ni kama taa: ukiwasha, unaona kila kitu kilichomo chumbani. Sivyo. Kila kipimo kina jambo linaloonekana kwacho na jambo lisiloonekana. Eksirei ya fuvu huonyesha mfupa, haionyeshi ubongo wala damu iliyo ndani ya fuvu. Mtu anaweza kuwa na eksirei nzuri kabisa ya kichwa huku damu inaubana ubongo wake. Eksirei ya kifua ikipigwa majeruhi akiwa amelala chali inaweza kuikosa hewa iliyovujia nje ya pafu. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane walipolinganisha tafiti za majeruhi wa kifua, waliona altrasaundi iligundua hewa hiyo kwa watu 91 hivi kati ya kila 100 wenye tatizo, na eksirei ya kulala chali kwa 47 tu. Kifaa kidogo cha mkononi kimekipita kile kikubwa, kwa swali hilo moja. Kwa swali la mfupa wa paja eksirei inashinda, na kwa swali la damu ndani ya ubongo hakuna kati ya hivyo viwili kinachofaa: hapo ni CT.

Kwa hiyo hatusemi CT ni mbaya. Tunasema ina mahali pake.

Sasa ushahidi wenyewe. Mwaka 2001 madaktari wa Kanada, wakiongozwa na Dkt. Ian Stiell wa mji wa Ottawa, walichapisha matokeo ya utafiti kwa watu wazima 3,121 waliofika katika hospitali 10 wakiwa wamegonga kichwa, wamepoteza fahamu kidogo au kumbukumbu au wamechanganyikiwa, lakini bado wanaongea. Ni watu kama wale tunaowaona sisi kila wiki baada ya ajali. Kati yao wote waliohitaji hasa mkono wa daktari wa upasuaji wa ubongo walikuwa 44. Madaktari wale wakauliza: je, tungeweza kuwatambua hao 44 mapema, kwa macho na mikono na maswali, kabla ya mashine? Wakapata dalili tano. Fahamu ambazo hazijarudi kamili saa mbili baada ya ajali. Fuvu linaloonekana limevunjika wazi au kubonyea. Dalili za kuvunjika kitako cha fuvu, kama damu nyuma ya ngoma ya sikio, maji yanayotoka puani au masikioni, au weusi kuzunguka macho yote mawili. Kutapika mara mbili au zaidi. Na umri wa miaka 65 kwenda juu. Dalili hizo tano ziliwakamata wote 44, na kama ni hizo tu zingefuatwa, ni kama theluthi moja ya majeruhi wale ambao wangehitaji kupigwa CT.

Tafakarini jambo hilo kwa mazingira yetu. Dalili tano ambazo tabibu wa kituo chetu cha afya anaweza kuzikagua kwa tochi, saa ya mkononi na subira. Mwenye dalili asingoje mchango wa WhatsApp. Apelekwe Moshi, KCMC, usiku huohuo, maana huko kuna mashine na kuna watu wa kufanyia kazi kitakachoonekana. Kutoka Same tu hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100, na sisi wa milimani tuna kipande kingine cha kushuka kwanza. Hakuna saa ya kupoteza. Asiye na dalili aangaliwe kituoni, aamshwe, aulizwe jina lake, na familia yake isiuze mbuzi kutafuta picha.

Kanuni hiyo ina mipaka yake, na walioitunga wameisema wenyewe. Haikutungwa kwa watoto wa chini ya miaka 16, wala kwa wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, wala kwa aliyepata degedege baada ya ajali. Kwa watoto wapo watafiti wa Marekani waliochapisha kanuni yao mwaka 2009 baada ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 42,000, na sababu mojawapo iliyowasukuma ni mionzi. CT hutumia mionzi mingi. CT ya tumbo moja ni sawa na makumi hadi mamia ya eksirei za kifua, na mwili wa mtoto unaokua unadhurika na mionzi kwa urahisi kuliko wa mtu mzima. Hatusemi hivi kuwatisha. Mtoto anayeihitaji aipate, faida ni kubwa kuliko hatari. Asiyeihitaji kwa nini aingizwe?

Dkt. Stiell huyohuyo na wenzake walikuwa wametangulia, mwaka 1992, kwa kitu kidogo zaidi: kifundo cha mguu. Kila aliyeteguka alikuwa anapigwa eksirei, na wengi wao mfupa ulikuwa mzima. Wakatunga kanuni inayoitwa ya Ottawa. Ukimbonyeza mgonjwa kwenye mfupa, nyuma ya vile vifundo viwili vya pembeni au kwenye ncha zake, je, anaumia pale pale kwenye mfupa? Na je, aliweza kutembea hatua nne, pale alipoumia au alipofika kwa daktari? Iwapo mfupa hauumi na hatua nne anazitembea, kifundo hakihitaji picha. Kwa unyayo kuna sehemu nyingine mbili za kubonyeza. Mwaka 2003 tafiti 27 zilikusanywa pamoja, ikaonekana kanuni hiyo karibu haipitwi na mvunjiko wowote, na inaweza kupunguza picha zisizo na lazima kwa asilimia 30 hadi 40. Hatua nne! Mama zetu wanaoteguka wakishuka na kuni wamekuwa wakilipa nauli ya kwenda mjini na kurudi, na fedha ya picha, ili waambiwe "mfupa mzima, nenda kapumzike". Ila kanuni hiyo pia haifai kwa mlevi, wala kwa aliyechanganyikiwa, wala kwa mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, kwa kuwa maumivu yao hayaaminiki.

Na hapa tuseme kweli, ndugu zetu: picha hizi nyingi tunazidai sisi wenyewe. Daktari akikukagua kwa mikono akakwambia huhitaji picha, tunatoka nje tukisema "huyu hajui kitu, hata picha hakupiga". Tabibu mmoja kijana alitueleza kwamba huwa anaandika picha ili ndugu wasimlalamikie kwa mganga mkuu. Hilo halitaondoka kwa kununua mashine. Litaondoka sisi tukizoea kumuuliza daktari, "Picha hii ikitoka, utafanya nini tofauti?" Akiwa na jibu, tulipe. Akikosa, tumshukuru tuondoke.

Wapo waliotuuliza: huko kwenye mashine nyingi, si wanampitisha kila majeruhi ndani ya CT kuanzia kichwa hadi nyonga, yakaisha? Wanafanya, na wameipima pia. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uholanzi na Uswisi, kwa majeruhi mahututi 1,083 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja walipigwa CT ya mwili mzima papo hapo. Kundi la pili walianza na eksirei na altrasaundi, kisha CT ya sehemu ile tu iliyotiliwa shaka. Waliofariki hospitalini walikuwa karibu 16 kati ya kila 100 katika kundi hili na karibu 16 kati ya 100 katika lile. Ni haki kusema kwamba hata kundi la pili lilikuwa na CT jirani, na wengi waliishia kuitumia. Lakini kwa nchi zenye kila kitu, kuipiga picha kila sehemu hakukuwaongezea watu walionusurika. Tungekuwa watu wa ajabu sisi kuanza na kile ambacho wao kimewashinda kuwaletea faida hiyo.

Turudi kwenye tumbo, kwa sababu ndilo lililomchukua kijana wetu. Altrasaundi ya majeruhi hutazama sehemu nne: kati ya ini na figo la kulia, kuzunguka bandama upande wa kushoto, nyuma ya kibofu kwenye nyonga, na kuzunguka moyo. Anayetazama anatafuta kitu kimoja tu, weusi wa majimaji pale ambapo hapapaswi kuwa na maji. Hahitaji kujua kusoma kila kiungo. Ndiyo maana matabibu na wauguzi waliofundishwa vizuri na kusimamiwa wanaweza kuifanya pembeni ya kitanda, huku mwenzao anatundika dripu. Kifaa hakina mionzi, kwa hiyo kinaweza kurudiwa. Na lazima kirudiwe! Altrasaundi ikikuta damu kwa mtu ambaye shinikizo lake la damu linashuka, hakuna mjadala, ni kwa daktari wa upasuaji. Isipokuta damu haimaanishi hakuna. Damu kidogo inaweza isionekane mwanzoni, na majeraha mengine ya matumbo hayaonekani kwayo kabisa. Anayesema "altrasaundi safi, nenda nyumbani" kwa mtu ambaye ubavu unamuuma amerudia kosa lilelile kwa kifaa kingine.

Kituo chetu hakina daktari wa kufungua tumbo usiku. Basi altrasaundi itafanya nini? Itageuza gari. Majeruhi aliyeonekana na damu tumboni hapelekwi kwenye mashine ya mbali kupanga foleni, anapelekwa kwenye kisu kilicho karibu, na simu inamtangulia: andaeni chumba cha upasuaji, tafuteni damu ya kundi hili. Usiku ule gari la kijana wetu lilipita karibu na mlango wa hospitali yenye daktari wa upasuaji, likaenda kutafuta CT. Sisi ndio tuliolilipia mafuta.

Tulipotembelea baadhi ya vituo mwaka huu tulikuta jambo la kusikitisha na la kuchekesha kwa pamoja. Altrasaundi ipo, ya siku ya kliniki ya wajawazito. Saa tisa na nusu alasiri inafungiwa kabatini, na funguo anaondoka nayo mtu mmoja. Ajali za bodaboda hazina siku ya kliniki. Kifaa cha kwanza tunachokipendekeza, kwa hiyo, hakigharimu chochote: ufunguo wa pili.

Kuhusu CT yenyewe, tulikaa na fundi wa vifaa vya hospitali tukamwomba asituonee haya. Akatueleza kwamba bei ya kuinunua ndiyo sehemu rahisi. Inataka chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, umeme mkubwa usiocheza, kiyoyozi kisichozimwa, mkataba wa matengenezo kila mwaka, na kile kikopo cha kutolea mionzi ambacho huchakaa na kubadilishwa kwa fedha nyingi. Inataka mtaalamu wa kuiendesha usiku na mchana na daktari bingwa wa kusoma picha. Umeme wetu mnaujua. Wazee wetu waliojenga ndiva kwa msaragambo walianza kwa kuhakikisha chemchemi ipo na mfereji utafika. Hakuna ndiva iliyochimbwa kavu kwa matumaini. Na liko jambo linalotuuma zaidi ya gharama. Mashine inayoonyesha damu kwenye ubongo, mahali ambapo hakuna wa kuitoa, inatupa taarifa ya msiba mapema tu. Mzee wetu mmoja alituambia hapa mlangoni, "Mnataka watu wa mjini wapate jitu lile kubwa, sisi tupewe kidubwana cha mkononi." Mzee, tunakuheshimu, na hasira hiyo tunayo pia. Siku hospitali ya kwetu itakapokuwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, au hata daktari wa upasuaji wa kudumu aliyefundishwa kutoboa fuvu kuokoa maisha, sisi tutakuwa wa kwanza kurudi hapa kuomba CT.

Tunachoomba leo ni hiki. Fedha zilizokwisha kukusanywa ziwekwe kwenye eksirei ya kidijitali yenye betri za akiba, ambayo picha yake inaweza kutumwa kwa intaneti ikasomwe na bingwa aliye mbali badala ya mgonjwa kusafirishwa. Kwenye altrasaundi mbili za kubebeka zitakazokaa chumba cha dharura na si kabatini. Na kwenye mafunzo ya matabibu na wauguzi, yatakayorudiwa kila mwaka kwa sababu watumishi huhamishwa. Tunaomba pia kijana mmoja wa kwetu, wa kike au wa kiume, asomeshwe uteknolojia wa mionzi kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi nyumbani. Hili la mwisho lilileta ubishi mkali ndani ya kamati, wengine wetu wakisema akishaonja mji harudi. Tuliamua kuliweka mezani hivyohivyo. Makisio ya kila kitu yako kwenye jedwali la ukurasa wa katikati wa kijarida hiki.

Pamoja na hayo tumetafsiri kwa Kiswahili zile dalili tano za kichwa na ile kanuni ya hatua nne, zikakaguliwa na madaktari wetu, na zitabandikwa ukutani kituoni mahali ambapo hata ndugu wa mgonjwa anaweza kuzisoma. Kutakuwa na daftari: kila majeruhi, swali lililoulizwa, picha iliyopigwa, na kilichobadilika baada ya picha. Mwaka kesho tutalisoma mbele yenu, hata kama litatuaibisha. Tukiona altrasaundi zinakaa bila kutumika, mtatuuliza.

Waliotoa fedha zao kwa jina la CT na hawakubaliani na mabadiliko haya wana haki ya kurudishiwa. Mweka Hazina ana fomu zao, na hakuna atakayetazamwa vibaya. Ila kabla hamjazichukua, zungumzeni na wazazi wa yule kijana. Wamekaa safu ya tatu upande wa dirishani, na mchango wao wa CT waliutoa mwaka jana, miezi michache kabla ya ajali. Jana usiku walitupigia simu wakasema uhamishiwe kwenye altrasaundi.

Ndugu Mwenyekiti, tunarudisha nafasi kwako kwa ajili ya maswali na kura. Daftari la ahadi liko meza ya mbele.